Neno "Sisi" katika Mashairi ya Uhuru

Katika mashairi yaliyotungwa kudai uhuru wa nchi yetu kuna neno moja dogo ambalo wasomaji hulipita bila kulitazama. Neno lenyewe ni "sisi". Pamoja na ndugu zake, yaani "wetu", "yetu" na kile kiambishi "tu" kinachotangulia vitendo, neno hili limebeba mzigo mkubwa kuliko maneno mazito kama "ukoloni" na "utumwa". Mtunzi anapotamka "tumeonewa" au "nchi yetu", papo hapo amekwisha kuchora duara. Wamo walio ndani ya duara hilo, na wako waliobaki nje. Nimefundisha mashairi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuona kuwa ushairi wetu wa kupinga ukoloni waweza kusomwa wote kwa swali moja tu: hawa "sisi" walikuwa nani?

Nitalijibu swali hili kwa njia tatu: kwa upande wa rangi, kwa upande wa pwani na bara, na kwa upande wa wanawake. Naanza na rangi, kwa kuwa mkoloni mwenyewe ndiko alikoanzia.

Vijana wa leo hawaamini wanapoambiwa jinsi hesabu ya watu ilivyofanywa Tanganyika. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na wajumbe 30 wasio wa serikali. Kati yao 10 walikuwa Waafrika, 10 Waasia na 10 Wazungu. Waafrika walihesabika kwa mamilioni na Wazungu kwa maelfu, lakini barazani walikaa sawasawa, na jambo hilo likaitwa haki. Uchaguzi wa kwanza, uliofanyika 1958 na 1959, ulikuja na ile kura tatu. Mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asipochagua wote watatu kura yake ikawa imeharibika. TANU ililumbana sana juu ya jambo hili katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kuingia uchaguzini. Katika nchi kama hiyo, kila mtu alijua rangi yake kabla ya kujua jambo lingine lolote juu yake mwenyewe.

Washairi wetu waliijibu hesabu hiyo kwa namna mbili, na namna hizi hazilingani.

Namna ya kwanza ni ya Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafariki 1962, miezi michache tu baada ya uhuru. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika forodha na baadaye katika idara nyingine. Karani Mwafrika wa wakati huo aliionja dharau ya rangi kila siku: katika mshahara, katika nyumba ya kukaa, hata katika behewa la kupandia. Hata hivyo, alipoandika juu ya rangi, kama alivyofanya katika shairi lake liitwalo "Rangi Zetu", hakumtukana Mzungu, wala hakuigeuza mizani ili mweusi awe juu na mweupe awe chini. Alikataa tu kwamba ngozi iwe aibu kwa mtu yeyote. "Sisi" wa Shaaban Robert ni wanadamu wote, na ukitazama hata kichwa cha shairi utaona kwamba "zetu" ile inawakusanya wenye rangi zote. Wapo waliomwona mpole kupita kiasi. Mimi naona alikuwa na ujasiri wa aina yake, maana aliukataa msingi wenyewe ambao mkoloni alijengea nyumba yake.

Namna ya pili ni ya Saadani Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, ambaye alikuwa mmoja wa watu 17 waliounda TANU tarehe 7 Julai 1954. Kandoro alikuwa mwanasiasa na mshairi kwa pamoja, na shairi kwake lilikuwa silaha. Shairi lake la siafu na nyoka lilifahamika mno. Siafu mmoja ni mdogo na nyoka ni mkubwa, lakini siafu wakishikamana nyoka hana pa kwenda. Mkoloni hakutajwa humo, ila kila msikilizaji alimjua nyoka ni nani. Fumbo lilikuwa ngao ya mtunzi, kwa sababu gazeti lingeweza kufungiwa na mtu akashitakiwa kwa uchochezi. Hapa "sisi" si wanadamu wote. Hapa "sisi" ni siafu, wanyonge waliokandamizwa kwa ajili ya ngozi yao, na nyoka yuko nje ya duara.

Nani kati yao alikuwa sahihi? Nionavyo mimi, nchi ilimhitaji Kandoro ili iupate uhuru, ikamhitaji Shaaban Robert ili iweze kuishi baada ya kuupata. Mvutano huo haukubaki katika mashairi. Mwezi Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, walikuwapo waliotaka uraia uwe wa watu weusi peke yao, na Mwalimu Nyerere akawapinga kwa ukali. TANU yenyewe haikuwafungulia uanachama watu wa rangi nyingine hadi mwaka 1963. Kwa hiyo, katika muda wa miaka 2 tu baada ya uhuru, chama kilihama kutoka "sisi" wa Kandoro kwenda "sisi" wa Shaaban Robert. Hilo si jambo dogo. Mataifa mengine yamemwaga damu nyingi kwa kushindwa kuhama hivyo.

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo linatugusa zaidi sisi tunaoishi Ulemo na Iramba kwa jumla. Ushairi wa Kiswahili ulizaliwa pwani. Huko ndiko kulikotungwa tenzi za kwanza zilizosimulia kuja kwa Wadachi: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya jinsi walivyoitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga ule wa Vita vya Maji Maji. Hizo ni kazi kubwa za historia, nasi tunawashukuru watunzi wake. Lakini tusisahau kwamba katika lugha ya pwani ya zama hizo kulikuwa na waungwana, na kulikuwa na washenzi. Mshenzi alikuwa mtu wa bara. Kwa maneno mengine, lugha tuliyoitumia baadaye kudai uhuru ilikuwa bado ina neno la kutuitia sisi wa bara, nalo halikuwa neno zuri.

Mtu wa bara aliingiaje katika ushairi huu? Aliingia kwa mlango wa shule na gazeti. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha gazeti la *Mambo Leo*, na kurasa zake za mashairi zikawa uwanja wa watu wa kila pembe ya nchi. Karani wa stesheni, mwalimu wa misheni, mkalimani wa mahakama, kila mmoja alijaribu vina na mizani, akatia lakabu yake na kulipeleka shairi posta. Waliulizana mafumbo na kujibizana kwa mwaka mzima bila kuonana uso kwa uso. Serikali ilikuwa imelianzisha gazeti kwa manufaa yake yenyewe, lakini bila kukusudia ikawafundisha watu wa makabila mengi kusema "sisi" kwa lugha moja.

Mfano ulio karibu nasi ni Mathias Mnyampala, jirani yetu wa Dodoma, enzi hizo Dodoma na Singida zikiwa katika Jimbo la Kati. Alizaliwa 1917, Mgogo kwa kabila na Mkristo kwa dini. Aliandika kitabu cha historia na desturi za Wagogo, kisha akawa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili na akafariki mwaka 1969. Yeye ndiye aliyeisambaza ngonjera baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hakuna aliyesoma shule ya msingi nchini mwetu miaka ya 1970 asiyeijua. Mnyampala hakuukana Ugogo wake ili awe Mswahili, wala hakukubali kuambiwa kwamba Kiswahili si chake. Uthibitisho kwamba vita hivyo vilikuwa vikali waonekana katika majina ya vitabu. Kulitoka *Malenga wa Mvita* mwaka 1971, kukatoka *Malenga wa Bara* mwaka 1976, na *Malenga wa Mrima* mwaka 1977. Mulokozi na Kahigi walipokiita kitabu chao *Malenga wa Bara*, walikuwa wanabisha hodi kwa sauti: na huku pia kuna malenga.

Mpaka hapo habari yangu inapendeza. Duara la "sisi" lilikuwa likipanuka, likapokea wa bara pamoja na wa pwani, na hatimaye likapokea rangi zote. Ila kuna kundi moja ambalo idadi yake ni nusu ya nchi, na ambalo duara hili lilichelewa mno kulipokea.

Wale 17 walioiunda TANU wote walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata alifika mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza chama hicho kina wanawake gani. Ndipo alipojitokeza Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya kuitwa kiongozi, Bibi Titi alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipoanza kuwaandikisha wanawake hakuanza na makarani, kwa kuwa wanawake makarani hawakuwapo. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, ambako wanawake walikuwa tayari na viongozi wao, michango yao na nyimbo zao. Uhuru uliingia majumbani kwa njia ya nyimbo hizo. Basi jiulize, msomaji: nyimbo zile ziko katika diwani gani? Tuna diwani ya Kandoro, ya Amri Abedi na ya Mnyampala. Nyimbo za Bomba hazimo katika diwani yoyote niliyofundishia.

Haikuwa kwamba mwanamke hana mizizi katika ushairi wetu. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, mama akimwusia binti yake. Karibu miaka 100 baadaye Shaaban Robert naye alimtungia binti yake utenzi wa wosia, "Utenzi wa Hati", na mwanawe wa kiume akamtungia "Utenzi wa Adili". Nawapenda wote wawili, mama yule na baba huyu, lakini naona lililotokea katikati: sauti ya mama ilikuwa imepokewa na sauti ya baba, na binti akabaki palepale, msikilizaji.

Na yuko Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake. Siti alizaliwa Fumba, katika familia ya watu waliotoka utumwani, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Fikiri, mtu anabeba hali ya kabila na rangi yake ndani ya jina lake! Alipovuma kwa uimbaji ndipo akaitwa Siti, jina la heshima. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, akiimba kwa Kiswahili mahali ambapo taarabu ya wakubwa ilikuwa imeimbwa kwa Kiarabu. Mojawapo ya nyimbo zake maarufu inasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, mwuaji akatoroka, na mashahidi ndio waliofungwa. Hilo ni shitaka dhidi ya mahakama za serikali ya kikoloni, limetolewa na mwanamke mwenye asili ya utumwa, hadharani, na watu wakaliimba mitaani. Lakini shuleni, tulipopanga washairi waliopinga ukoloni, Siti tulimkuta katika somo la muziki.

Badala ya kuwa msemaji, mwanamke katika mashairi mengi ya wakati ule alikuwa sura ya kitu kingine. Nchi ni mama, Afrika ni mama, uhuru ni bibi arusi. Jambo hili halikuwa letu pekee. Senghor wa Senegal, katika kitabu chake cha 1945, alimsifu mwanamke mweusi hata akawa Afrika yenyewe. Ilikuwa dawa kwa watu waliofundishwa kuuchukia weusi wao. Hata hivyo, anayesifiwa hajibu. Heri Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye mwaka 1966 alimpa Lawino kinywa, akamwacha atete na mumewe aliyelewa Uzungu. Wengi wetu tulimsoma kwa Kiswahili katika tafsiri ya Paul Sozigwa. Lakini hata Lawino alitungwa na mwanamume. Noémia de Sousa wa Msumbiji, aliyezaliwa 1926, mwaka ule ule wa Bibi Titi na wa Kandoro, aliandika kwa jina lake mwenyewe juu ya damu yake nyeusi, ila kwa Kireno, na mashairi yake hayakutufikia.

Kiswahili kina ajabu moja. Hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Ukisoma "amelia" au "amepigana" hujui kama ni baba au mama. Kwa hiyo lugha haikuwa na kosa. Mlango wake ulikuwa wazi kwa wote. Kwa miaka mingi niliwapa wanafunzi mashairi niliyofuta majina ya watunzi, nikawaambia wanieleze mtunzi ni mtu wa namna gani. Walibishana juu ya dini yake, umri wake, hata kwao. Juu ya jinsia hawakubishana. Wavulana kwa wasichana, wote waliandika "bwana huyu".

Hapa Ulemo nina ushahidi wa masikio yangu. Mwaka 1961 nilikuwa mtoto wa miaka 11. Desemba ile walioimba sana hawakuwa wasomi wa *Mambo Leo*, bali akina mama, nao waliimba Kinyiramba. Wimbo mmoja ulitaja kodi iliyochukua mbuzi, na jinsi mwenye wake wengi alivyotozwa zaidi kana kwamba mke ni ng'ombe. Mwingine ulimtaja mume aliyekwenda mkonge wa Tanga akiwa manamba, akaacha shamba la uwele lipaliliwe na mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Sisi" wa nyimbo zile walikuwa wale waliobaki. Uhuru kwao ulikuwa na maana rahisi, kwamba aliyekwenda arudi na mbuzi asichukuliwe tena. Sijapata kuona shairi lililochapwa linalosema hivyo kwa ufupi kama ule.

Kwa nini nyimbo zile hazikuandikwa? Sababu zinafahamika. Waliojua kusoma walikuwa wachache, na katika hao wachache wanawake walikuwa wachache zaidi. Gazeti lilitaka Kiswahili na sheria za vina, wao waliimba Kinyiramba kwa mwendo wa kutwanga na kupalilia. Shairi lililochapwa lilikuwa na jina la mtu mmoja, wimbo wao ulikuwa wa wote, kila mmoja akiongeza ubeti wake. Baadaye tuliotoka vyuo vya ualimu tukajifunza kwamba kilichochapwa ndicho ushairi, na kisichochapwa ni ngoma. Kwa tofauti hiyo ya maneno mawili, nusu ya historia ya uhuru ikahamishiwa nje ya darasa.

Wapo wazee wenzangu watakaosema kwamba ninawahukumu waliopigania uhuru kwa macho ya leo, na kwamba kutenganisha mwanamke na mwanamume, pwani na bara, ni kuurudisha mgawanyo tulioushinda. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Umoja ulipanuliwa kila mara na watu waliouliza "na sisi je?" Mnyampala aliuliza kwa niaba ya bara. Waliopinga uraia wa rangi waliuliza kwa niaba ya jirani Mhindi. Hakuna hata mara moja ambapo swali hilo liliivunja nchi. Mwenye kuuliza kama amo katika duara anatangaza kwamba anataka kuwamo.

Wale akina mama wa 1961 wamebaki wachache sana hapa Ulemo, na walio hai wamepita miaka 80. Kila msiba wa bibi mmoja unaondoka na beti ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wajukuu wao wana simu zinazonasa sauti, kitu ambacho Siti alikifuata kwa safari ya bahari hadi Bombay. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha uhuru angeweza kuwapa kazi moja tu ya nyumbani: nenda kwa bibi yako, mwombe akuimbie, andika ubeti kwa Kinyiramba na maana yake kwa Kiswahili, na andika jina lake chini, kama inavyoandikwa chini ya shairi la Kandoro. Daftari hizo zikikusanywa zitakuwa diwani. Ifanyike mwaka huu, wala isingoje mtaala.